Mchanga Mpya wa Mama Mamba

Paukwa!
Pakawa!
Sogeeni, watoto. Nanyi wakubwa, msijifanye hamsikii.

Hapo zamani za kale, mtoni, waliokuwepo siku ile ni hawa: Mama Mamba; jirani yake Kiboko; Kitwitwi, yule ndege mdogo wa ufukweni; na mayai ya Mama Mamba, yaliyofukiwa mchangani.

Mlima ule mto unakotoka ulikuwa umeshalipuka. Puu! Majivu yakafunika miti, yakafunika nyasi, yakafunika hata jua. Kisha mlima ukanyamaza. Wanyama wakasema, "Yamepita."

Hayakuwa yamepita. Kila mvua iliyonyesha mlimani iliosha majivu, ikayaleta mtoni. Mto ukapata mafungu mapya ya mchanga, laini, yenye joto. Mama Mamba akayapenda. Akataga hapo.

Siku ile, mayai yakiwa karibu kuanguliwa, Kiboko alikuja mbio.

"Shoga, ondoa mayai. Zamani hapa nilizama mpaka masikio. Leo maji yananifika magotini."

"Umenenepa tu, ndiyo maana huzami," akacheka Mama Mamba.

"Cheka. Mchanga umejaza mto. Mvua kubwa ikinyesha kule juu, maji yatapita wapi?"

Kwao kina mamba, mama hafukui mayai mpaka watoto walie wenyewe humo ndani. Mama yake alingoja. Bibi yake alingoja.

"Nami nitangoja," akasema.

Juu yao hapakuwa na wingu. Lakini mlimani kulikuwa giza. Kitwitwi akaruka kwenda kutazama. Akarudi mbio, anapiga kelele.

"Mto unakuja! Si maji, ni tope! Zito kama uji, linabeba mawe, linang'oa miti!"

Ardhi ikaanza kunguruma. Ngu-ngu-ngu-ngu.

Mama Mamba akalalia mchanga wake. "Hawajalia! Nikifukua kabla, watakufa!"

Kitwitwi angeweza kuruka zake. Hakuruka. Akatua karibu kabisa na yale meno.

"Mama, sisi ndege huwaita watoto wakiwa bado ndani ya yai. Waite wewe."

"Kwetu hakuna hilo!"

"Waite!"

Mama Mamba akaweka taya mchangani. Akaguna taratibu. "Mmmh. Mmmh."

Kimya.

Ngu-ngu-ngu-ngu.

"Mmmh, wanangu."

Kimya. Kisha, chini kabisa: "Nyii." Halafu nyii, nyii, nyii!

Akafukua, kwaru-kwaru, kwaru-kwaru! Mayai yakapasuka, watoto wakatoka. Wengine akawabeba kinywani. Wengine wakapanda mgongoni kwa Kiboko, naye Kiboko, ingawa alitamani kukimbia, hakuinua mguu mpaka wa mwisho akashika vizuri. Wakakimbilia kilimani, kando ya mto.

Tope likafika. Gubuu! Fungu la mchanga halikuonekana tena.

Basi watoto, na kina mama wenzangu: hatari ikinyamaza, haijaisha. Na desturi ni nzuri, lakini mtoto akiwa hatarini usingoje alie. Mwite.

Hadithi yangu naitua hapa. Mto ule haukurudi katika njia yake. Mpaka leo unapita upande wa pili wa kilima.