Siwatu na Mkokoteni wa Fisi

Hapo zamani za kale, watoto wangu, enzi wanyama walipokuwa na miji yao, wakipika, wakifua na kusengenyana kama sisi, palikuwa na mji ulioitwa Matopeni. Meya wake alikuwa Kiboko. Na mji ule ulikuwa ukinenepa kama meya wake. Leo umemega kipande cha kichaka, kesho umemega kingine, mpaka digidigi walioishi kichakani wakaamka siku moja wakakuta kwao kumekuwa mtaa.

Basi waende wapi? Kila alfajiri waliingia kwenye bustani za wenye nyumba, wakala kunde, wakala maua. Njaa haina adabu.

Miongoni mwao alikuwamo Siwatu, mjane mdogo mwenye miguu kama njiti za kiberiti. Mwaka ule alikuwa amehama mara tatu na mama yake mzee. Kutoka kichakani alihamia nyuma ya soko, kutoka sokoni akahamia mtaroni, kutoka mtaroni akajibanza nyuma ya kinu cha mahindi. Kila alipojinyoosha alisikia, "Shii! Toka!" na jiwe, pwaa! Mwanzoni alikuwa akikimbia. Siku hizi alikuwa akiondoka taratibu tu, kichwa chini, mawe yakimpita. Alikuwa amechoka, wanangu. Si kuchoka kwa kazi, ambako ukilala kunaisha.

Wenye mji nao walichoka. Wakaitisha mkutano.

"Wamemaliza mchicha wangu wote!" alilia Mama Ngiri.

"Na waridi zangu!" akasema Pundamilia. "Hata miiba hawakubakiza!"

Kobe akanyoosha shingo. "Tuwaachie ukanda wa kichaka kando ya mto. Wakishiba kwao, watafuata nini kwetu?"

Kiboko akapiga mwayo, aaah! "Kando ya mto nataka kupanua bwawa langu. Lete wazo jingine."

Ndipo Fisi akasimama, ameinamisha kichwa kwa adabu nyingi.

"Ndugu zangu, mimi nina huruma. Ng'ambo ya vilima nalijua bonde moja la majani mabichi. Nipeni kazi ya kuwahamisha. Kila Jumatatu nitapakia digidigi wawili kwenye mkokoteni wangu, niwafikishe salama. Ujira sitaki. Nafanya kwa moyo tu."

Watu wakapiga makofi, pa! pa! pa! Mkutano ukaisha mapema, kila mtu akarudi nyumbani kula.

Jumatatu ya kwanza waliondoka wawili. Jumatatu ya pili, wawili. Ya tatu akaondoka Zawena, dada yake Siwatu.

"Nikifika nitaleta salamu," alisema Zawena akipanda mkokoteni. "Kwa ndege yeyote atakayepita."

Ndege walipita. Salamu hazikuja. Kilichokuja ni Fisi, kila Jumanne, tumbo limetuna, anajichokonoa meno.

Siwatu akaenda kwa Meya. Kiboko alikuwa bwawani, macho tu ndiyo yaliyokuwa juu ya maji.

"Mheshimiwa, wenzetu wanaohamishwa hawafiki popote. Fisi anawala."

"Naoga, mama. Njoo kesho."

Akaja kesho yake.

"Hayo yaandike kwenye barua," akasema Kiboko.

Akaandika. Akaileta. Kiboko akaisoma, akaiacha ikielea majini, gulu gulu, ikazama.

"Una ushahidi? Ulimwona kwa macho yako?"

"Ningemwona, Mheshimiwa, ningekuwa tumboni mwake."

"Basi huna ushahidi. Nenda salama."

Siku ile Siwatu alirudi nyuma ya kinu akakuta jina lake limetangazwa. Jumatatu ijayo zamu ni yake na mama yake. Mzee wa watu alikuwa ameshafunga kifurushi chake.

"Bora twende tu, mwanangu," akasema. "Huko labda tutalala."

Siwatu akamtazama mama yake, mbavu zinahesabika, masikio yamelegea. Akasema moyoni, la, huyu hapandi mkokoteni ule. Akanyanyuka, akaanza safari ya nne kwa Meya. Safari hii hakulia wala hakulalamika.

"Mheshimiwa, nimekuja kuaga. Na kuomba radhi. Nilimsingizia Bwana Fisi."

"Naam! Si nilikuambia?"

"Bonde lipo. Tena lina matikiti, Mheshimiwa! Makubwa kama wewe. Yamejilalia hayana mla. Fisi anaficha tu, maana anaogopa wakubwa wakijua watayamaliza."

Kiboko akatoka majini, shwaaa! Maji yakamwagika mpaka nje ya bwawa.

"Matikiti? Na mimi Meya siambiwi?"

"Polepole, Mheshimiwa. Ukimfuata atakupoteza njiani. Lakini Jumatatu mkokoteni utakuwa nyuma ya soko, una turubai. Ingia chini ya turubai, nyamaza kimya, atakupeleka mwenyewe."

Kisha akaenda kwa Fisi.

"Bwana Fisi, ukoo wangu wote umekubali kuhama. Shangazi, wajomba, binamu, wote."

Fisi akameza mate, gbup! "Wangapi hao?"

"Utajua kwa uzito. Ila ni waoga, macho yako yanawatisha. Uache mkokoteni nyuma ya soko, ukanywe chai. Ukirudi utakuta wamepanda na wamejifunika. Usifunue mpaka mfike, la sivyo watatawanyika."

"Sifunui! Naapa sifunui!"

Jumatatu Fisi akarudi kutoka kwenye chai yake, akakuta turubai limevimba kama kilima. Moyo wake ukacheza ngoma. Akashika mkokoteni. Haukwenda. Akavuta tena, uuh! Magurudumu yakalia kwiii, kwiii, ukasogea.

"Kumbe binamu zako wameshiba!" alisema akihema.

"Ni bustani za mjini, Bwana Fisi," akajibu Siwatu, akitembea nyuma. Alikuwa amemwacha mama yake kwa Kobe.

Wakapanda vilima. Jua likawachoma. Fisi alitoka jasho, ulimi nje, lakini kila alipotaka kupumzika alilitazama turubai, akapata nguvu. Wakavuka kilima cha mwisho, na ng'ambo yake hapakuwa na bonde la majani. Palikuwa na korongo kavu, na ndani ya korongo mifupa midogo midogo, myeupe, imetapakaa.

Fisi akauachia mkokoteni, akacheka, hi hi hiii!

"Haya, shukeni! Wenzenu niliwala wawili wawili ili mji usishtuke. Leo nakula ukoo mzima!"

Akalivuta turubai, fyuu!

Chini yake lilikuwapo domo limefunguka wazi, lenye meno kama vigingi.

"Umesema unakula nani?" Kiboko alinguruma.

"Mamaaa!" Fisi aliruka, akaanguka, akainuka, akatimka na mkia katikati ya miguu. Vumbi lake lilionekana mpaka upeo wa macho, na Matopeni hakuonekana tena.

Kiboko akashuka. Akatazama huku na huku.

"Matikiti yako wapi?"

"Hayapo, Mheshimiwa."

"Umenidanganya!"

"Ndiyo."

Ndipo Kiboko akayaona yale yaliyokuwa korongoni. Akayatazama sana. Siwatu alikuwa amekaa chini, hakutafuta mifupa ipi ni ya Zawena.

"Kwa nini hukuniambia ukweli?" Kiboko aliuliza, sauti imepungua.

"Nilikuambia mara tatu, Mheshimiwa. Ukweli ulitaka barua na ushahidi. Matikiti uliyasikia mara moja tu."

Wakazika mifupa pamoja, kisha Kiboko akampakia Siwatu kwenye mkokoteni, akauvuta yeye mwenyewe mpaka mjini.

Wiki ile bwawa halikupanuliwa. Ukanda wa kando ya mto uliachwa, nyasi zikaota, vichaka vikafungamana, na digidigi wakahamia huko kwa miguu yao. Mchicha wa Mama Ngiri ukachipua. Vijana walitaka kumbeba Siwatu juu juu, wamwimbie, lakini yeye aliwaambia, "Asanteni, wanangu. Mkaimbe mbali kidogo." Akalala kando ya mama yake siku mbili mfululizo.

Nanyi mjue hili: mkubwa asiyesikia kilio, huitwa kwa tumbo lake.