Kamba ya Kengele ya Kwamtindi

Sogeeni, lakini msinitegemee kwa jibu. Fumbo hili nililirithi kwa mtu aliyezeeka nalo bila kulifumbua, nami nimelibeba miaka yote sijapata pa kulitua. Pengine ninyi mna mabega mapya.

Hapo zamani, zamani ambayo wajukuu wake bado wapo hai, kulikuwa na kijiji katika milima ya Upare kikiitwa Kwamtindi, na kanisani Kwamtindi kulikuwa na kengele yenye lugha mbili. Mama akijifungua, watu walisubiri. Akisimama kwa miguu yake mwenyewe na kunywa uji mlangoni, kengele ilipigwa kwa mbio. Akifa, ilipigwa polepole. Watu hawakuwa na haja ya kuulizana. Walisimamisha majembe, wakasikiliza. Kengele ya mbio, mama amesimama. Kengele ya polepole, mama amelala.

Mwenye kamba alikuwa Mzee Mbonea, mzee wa kanisa. Hakuna mwingine aliyeishika. Alikuwa mtu wa haki, na mtu wa haki akikosea hukosea kwa nguvu zake zote.

Mbonea hakupenda mambo mawili. La kwanza, kufunga uzazi. Nesi wa zahanati alipokuja kusema habari za uzazi wa mpango, Mbonea alisimama akamwuliza swali moja tu: "Mama yangu alizaa watoto tisa, na wa tisa ni mimi. Angefunga kwa yule wa nane, leo kamba hii ingeshikwa na nani?" Nesi alikunja karatasi zake, akarudi zahanati.

La pili, hadithi za uchawi. Wengine walimcheka kwa hilo, lakini hawakujua. Baba yake alikuwa mganga, na siku moja alitazama ndani ya kibuyu akamtaja jirani kuwa mchawi. Jirani yule alifukuzwa kijijini pamoja na wanawe, mvua ikiwanyeshea. Mbonea alikuwa mtoto. Aliona kwa macho yake kibuyu cha uongo kikimfukuza mtu wa kweli. Tangu siku hiyo, neno "kibuyu" likitajwa pasipo maji au maziwa, aliinuka akaondoka.

Basi wanawake wa Kwamtindi walizaa, wakazaa tena kabla aliyetangulia hajaachishwa ziwa. Zahanati waliijua, lakini njia ya kwenda huko ilipita mbele ya kanisa, na mbele ya kanisa alikaa Mbonea. Kengele ikapigwa kwa mbio, ikapigwa polepole, ikapigwa kwa mbio, ikapigwa polepole.

Alikuwepo mjane mmoja, Nakiete, mwalimu wa watoto wa Jumapili. Kinywa chake kilikuwa na asali upande mmoja na pilipili upande wa pili. Siku moja wanawake walikusanyika kwake kupukuchua mahindi, akawaambia: "Jamani, vidole vina kazi, masikio hayana. Niwape hadithi?"

"Tupe!"

"Palikuwa na Bibi wa Chemchemi. Alikuwa na kibuyu cha ajabu. Jioni alikiambia, 'Ziba!' na ndiva yake ikajiziba yenyewe, maji yakajaa usiku kucha. Asubuhi alikiambia, 'Zibua!' na maji yakateremka mashambani kwa kiasi chake. Jirani yake akamcheka: 'Maji ni baraka, baraka haizibwi!' Yeye ndiva yake akaiacha wazi mchana na usiku. Maji yakateremka, udongo ukateremka nayo, migomba ikaanguka, likabaki jiwe tupu."

Kila mwanamke pale aliijua ndiva, lile bwawa la wazee ambalo Wapare huliziba jioni ili lijae, wakalifungulia asubuhi. Ila ndiva inayosikia maneno hawakuwahi kuiona. Wakacheka mpaka mahindi yakamwagika.

"Na kibuyu kiko wapi siku hizi, Mama Nakiete?"

"Kilichoka kukaa hadithini," alisema Nakiete. "Kimehamia kwenye nyumba yenye bati jekundu. Anayekitunza huvaa nguo nyeupe."

Wakacheka tena. Mmoja hakucheka. Huyo alikuwa Elisifa, mke wa Kajiru, mama wa watoto sita, ambaye uzazi wake wa mwisho ulimwacha na miguu iliyovimba kama magogo. Alikuwa ameielewa ile nyumba: ni zahanati.

Wiki hiyo Kajiru alikuwa mjini Same akiuza tangawizi. Elisifa akajitwika kapu, akapita mbele ya kanisa, akamsalimu Mbonea, akaenda mpaka kwenye bati jekundu. Akarudi. Baadaye akaenda mwingine na kapu. Akaenda mwingine na kapu. Mbonea akashangaa jinsi wanawake walivyopenda soko mwaka ule.

Lakini kijiji hakina mfuniko. Maneno yakamfikia, naye akamwita Nakiete mbele ya baraza la wazee, waumini wote wakisikiliza.

"Mama Nakiete," alisema Mbonea, "umewafundisha wanawake wa Bwana kutafuta kibuyu cha mganga."

"Nimewasimulia hadithi, mzee. Kibuyu kile hakina mganga, hakina hata kibuyu."

"Basi ulisema uongo."

"Bwana wetu naye alifundisha kwa mifano. Nani alimdai majina ya watu wa mifano yake?"

Watu wakaguna. Mbonea akasema, "Mifano yake haikuwa na uchawi. Na mifano yake haikuzuia uhai. Chemchemi ni ya Mungu, mama!"

"Chemchemi ni ya Mungu, mzee. Ndiva ni ya kwetu. Jana jioni nani aliiziba ndiva ya ukoo wenu?"

Aliyeiziba alikuwa Mbonea.

Hata hivyo baraza liliamua Nakiete atengwe, asishiriki meza ya Bwana. Mchungaji, mtu mpole aliyependa amani kuliko usingizi, akakubali. Kisha Mbonea akauliza: "Ni nani aliyekwenda huko?"

Elisifa akasimama. Peke yake.

Watu wote wakageuza shingo kumtazama mumewe. Kajiru alikuwa hajui lolote. Jambo lilimwangukia pale pale kama embe bichi. Alimtazama mkewe. Alitazama miguu yake iliyovimba. Akasimama.

"Mnamwuliza nini? Ni mimi niliyemtuma. Mwenye swali aniulize mimi."

Mbonea alijua kuwa ni uongo. Alikumbuka vizuri Kajiru alikuwa Same, kwa sababu yeye mwenyewe alimwagiza chumvi. Angeweza kusema. Kwa nini hakusema, hakujua. Alifunga tu kitabu cha nyimbo, akatoka.

Tangu siku hiyo wanaume wawili watatu walianza kusema kwa sauti ndogo: "Hata mimi nilimtuma wangu." Ila wengi waliendelea kuogopa.

Mwaka haukuisha, Naetwe, binti wa pekee wa Mbonea, akashikwa na uchungu. Alikuwa akibeba mimba juu ya mimba. Mbonea akaenda kukaa chini ya kengele, kamba mkononi, asijue atasema kwa lugha ipi. Jua likapanda. Jua likasimama. Viganja vilivyovuta kamba kwa ajili ya mama wa kila nyumba vikalowa jasho. Mara akaona mlango wa nyumba ya binti yake ukifunguka. Naetwe, ameshika mwimo, amekunja uso, ameinua kikombe cha uji.

Mbonea alivuta kwa mbio mpaka kofia ikamwanguka.

Jioni nesi alimwambia: "Mzee, safari hii amesimama. Akibeba tena kabla mwili haujajaa, kamba utaivuta polepole."

Mbonea akaenda kwa Nakiete, mwanamke aliyemtenga. Hakuketi.

"Ile hadithi yako. Yule jirani. Udongo wake ulirudi?"

"Haukurudi, mzee."

"Ungeweza kuusimulia urudi. Si hadithi yako?"

"Ningeweza. Huo sasa ndio ungekuwa uongo."

Siku ya gulio, mchana kweupe, njia imejaa watu, Mbonea alitokea amemshika binti yake mkono. Hawakubeba kapu. Nyuma yao alifuata mkwe wake, mtoto mchanga kifuani.

"Mzee, mnaelekea wapi?" muuza ndizi aliuliza.

"Kwenye bati jekundu."

"Kwa kibuyu?" mwingine akamchokoza.

"Kwa kibuyu," alisema Mbonea, neno lile likitoka kinywani mwake mwenyewe, akaendelea kutembea. "Sijasema ni halali. Mungu akiniuliza nitajibu mwenyewe. Lakini aniulize mwanangu akiwa hai."

Jumapili iliyofuata alimwongoza Nakiete mpaka kwenye meza ya Bwana. Na njia ile ya mbele ya kanisa haikuhitaji makapu tena.

Mavuno yakaja, yakapita, mavuno mengine yakaja. Siku ya sikukuu Mchungaji akasimama, akasema: "Wapendwa, tangu mavuno yale mpaka haya, kengele haijamlilia mama hata mmoja."

Lo! Vigelegele! Wazee walirusha fimbo, akina mama walicheza na vikapu vya mahindi kichwani, kwaya ikasahau zamu yake ikaimba kabla ya kuitwa.

"Leo itapigwa kwa ajili ya walio hai wote," alisema Mchungaji. "Aliyetufikisha hapa ndiye avute. Ni nani?"

Nakiete akasema: "Kamba ni yangu. Wanawake walipoambiwa maneno ya kweli walitikisa vichwa. Nilipotoa ya kubuni waliamka. Na kwa maneno hayo nilikosa mkate wa Bwana."

Elisifa akasema: "Maneno hayana miguu, Mama Nakiete. Miguu ilikuwa yangu, tena iliyovimba. Wengine wote walifuata nyayo."

Kajiru akasema: "Nyayo za siri, mke wangu! Nani aliyezitoa hadharani? Nilidanganya ndani ya kanisa, mimi niliyebatizwa humo humo. Kama kuna moto, nitaungua peke yangu. Nipeni walau kamba!"

Watu wakacheka, wakampigia makofi. Kisha wanawake wakaita: "Mzee Mbonea avute! Hao watatu walifuata walichoamini. Mbonea alikanyaga alichoamini. Nani alitembea mbali zaidi?"

Mbonea akatikisa kichwa. "Mimi nilikuwa jiwe njiani. Jiwe likisogea, hupewa zawadi?"

Wakabishana. Jua likapanda, makande yakapoa vyunguni, wakabishana. Mwisho Mchungaji akasema: "Mwenye kamba aamue."

Mbonea aliwatazama wanne hao, na mmoja wao ni yeye mwenyewe. Akaipeleka kamba kwa Naetwe, ambaye hakuwa amesimulia, wala kutangulia, wala kudanganya, wala kugeuka. Alikuwa ameishi tu.

"Kengele hii," alisema, "humngoja aliyesimama."

Kuna walionung'unika: ni baba kumpendelea mwanawe! Kuna waliolia. Naetwe akaifunga khanga kiunoni, akaishika kamba kwa mikono miwili, akavuta kwa mbio, ndiva zote za mlimani zikasikia.

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa, na hivyo ndivyo ilivyofanywa. Lakini ninyi mlioketi hapa, kama kamba ile ingekuwa mikononi mwenu: aliyebuni, aliyetembea, aliyedanganya, aliyegeuka, au aliyeishi? Je, nani alistahili?