Kilemba cha Theodora

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Anayelificha tatizo lake kwa haya hujinyima msaada. Theodora wa Ihanja aliujua msemo huo tangu utotoni, ila hakudhani ungemhusu.

Alikuwa na nywele nyeusi tititi, nene, zilizosifiwa kijiji kizima. Enzi hizo za Waingereza, mumewe Alute alichukua mkataba wa kukata mkonge Tanga. Siku ya kuagana alizigusa nywele zile, akacheka. "Nikirudi nizikute!" Maneno hayo yakamganda mkewe moyoni.

Mwaka wa pili homa ya matumbo ikamlaza Theodora mwezi mzima, akabaki mifupa na ngozi. Alipokwisha kupata nguvu, nywele zikaanza kung'oka kwa mafungu kila alipochana. Hakumwambia mtu. Alijifunga kilemba, akaacha kwenda kisimani na wenzake, akawa anasugua kichwa kwa magadi akidhani yataziotesha. Magadi yakamchoma, utosi ukawa vidonda vitupu. Kila jioni aliitazama barabara ya kutoka Mkiwa, ambako mumewe angetokea. Alitamani Alute aje, na papo hapo akaomba asije.

Habari za kurudi kwake zilipofika, Theodora alikimbilia kwa mama yake, Magdalena, akajifungia chumbani. Alute akamfuata.

"Shikamoo, mama. Mke wangu yupo?"

"Marahaba, baba. Yumo ndani. Hataki kutoka, wala hasemi sababu."

Siku mbili Alute alikaa nje ya mlango ule. Siku ya tatu uvumilivu ukamwishia.

"Theodora, miaka miwili nimelala nikikuwaza. Kama umepata mwingine, sema, nirudi mkongeni nisionekane tena."

Kisha nyayo zikaanza kwenda zake. Theodora alihisi moyo unamfuata yule mtu bila yeye. Akafungua mlango, akakivuta kilemba.

"Uliniambia uzikute. Zimekwisha."

Alute akarudi mlangoni. "Mimi nilimwacha mtu hapa," akasema taratibu. "Ya nywele yalikuwa utani tu." Magdalena akaangua kilio, maana hata yeye hakuwa akijua.

Kesho yake walikwenda zahanati ya misheni. Muuguzi, Redempta, alisikiliza habari za homa na magadi, akakikagua kichwa, akatikisa chake.

"Homa kali huangusha nywele, mama, hata ukishapona, nazo huota zenyewe baada ya miezi michache. Ungekuja mapema ningekuambia usubiri tu. Haya magadi ndiyo yaliyokuumiza."

Alisafisha vidonda, akampa dawa ya kupaka, akamkataza magadi na kusuka kwa kukaza. Akamwagiza anywe maziwa, ale maharage na mboga.

Mvua zilipoanza, nywele changa ziliota kuzunguka kichwa. Lakini utosini, magadi yalipochimba, palibaki kovu linalong'aa. Mara nyingine Theodora alipapapasa pale, akizitamani nywele zake za zamani, na Alute akamshika mkono. Zote zingerudi, laiti angesema mapema. Ama kweli, mficha uchi hazai.