Paa Jeupe na Fremu ya Kona

Sogeeni karibu, na mwenye mdomo wa kubisha aufunge kwanza. Zamu yake itafika.

Palikuwa na watu watatu katika jengo moja la biashara pale Singida mjini, na kila mmoja alikuwa na lake. Tausi, msusi, alikuwa na macho. Si ya kurembua tu, ingawa hayo nayo hakunyimwa. Alikuwa na macho ya kuona kitu ambacho wenzake wanakipita kila siku. Ntandu, fundi rangi, alikuwa na mikono. Alichokipaka Ntandu kimepakwa, usirudi kukikwaruza kwa kucha. Sikudhani, mchoma kuku wa pale barazani, alikuwa na kichwa kigumu. Akishaamua jambo, mwite, msukume, mtukane, utamkuta palepale.

Na mwenye jengo, Bi Mwamini, mjane wa watu, alikuwa na kauli. Akisema ndiyo ni ndiyo, akisema toka unatoka. Hasira zake zilikuwa karibu kama kiberiti mfukoni, lakini hakuna mpangaji hata mmoja aliyewahi kusema Bi Mwamini alimzunguka. Mshikeni huyo, kwa sababu mwisho wa yote mzigo ulimwangukia yeye.

Jengo lenyewe lilikuwa refu, limeezekwa bati kuukuu la rangi ya kutu. Mbele fremu za maduka. Nyuma chumba kikubwa ambamo kinamama wa kikundi cha kuku walipanga friza zao. Kuku wa Singida mnamjua, anatafutwa hadi Dar. Anachinjwa, ananyonyolewa, anagandishwa, anasafiri. Lakini jua la Oktoba likipiga lile bati, ndani watu wanakuwa kama mikate ndani ya tanuri. Friza zinanguruma mchana kutwa bila kupumzika, mafeni yanazungusha joto lilelile, na umeme wa luku unaingizwa asubuhi, jioni unapiga kelele kwamba umekwisha.

Ndipo mwenyekiti wa kikundi, Mama Elipendo, alipomfuata Bi Mwamini barazani.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Sema, uso wako hauji kwa heri."

"Tunahama. Kuku wanatuletea hela, umeme wako unazila. Tunakusubiri mpaka Agosti ijayo. Ikiisha hatujaona nafuu, tunabeba friza zetu."

Bi Mwamini alijua maana yake. Kinamama wakihama, muuza mifuko anahama, mama wa chai anahama, na jengo aliloachiwa na marehemu linabaki la popo. Basi siku ileile aliwaita wapangaji wote, akasimama mlangoni pa fremu ya kona. Fremu ile inatazama barabara mbili na ilikuwa tupu tangu marehemu mumewe, aliyekuwa akiuzia humo, afariki. Ilikuwa imeombwa na wengi, na wote walinyimwa.

"Atakayelipoza jengo hili," alisema, akainua ufunguo watu wauone, "fremu hii ni yake. Bila kodi, mpaka afe. Nimesema mbele yenu, na mimi simung'unyi maneno."

Kila mtu akawa fundi. Mmoja akasema nyaya za umeme zimechoka, zikabadilishwa. Mwingine akasema mipira ya milango ya friza haishiki, ikabadilishwa. Mwingine akaleta feni kubwa kama tairi la trekta. Ikala umeme kuliko mwanzo. Joto palepale.

Tausi, yeye alikuwa akitazama mafuta ya nywele. Saluni yake ilikuwa ndani kabisa kwenye korido, mahali ambapo bibi harusi hafiki mpaka aonyeshwe njia. Alikuwa na rafu mbili za mafuta ya mgando. Rafu ya kushoto, kila adhuhuri mafuta yanayeyuka yanakuwa uji. Rafu ya kulia, mafuta yamekaa magumu, unachota kwa kidole. Korido moja, mlango mmoja, feni moja. Akahamisha makopo, ya kulia kushoto, ya kushoto kulia. Bado yakayeyuka yaliyokaa kushoto. Akatoka nje, akavuka barabara, akapanda ngazi za jengo la jirani mpaka juu, akatazama paa la Bi Mwamini. Juu ya ile rafu ya kulia palikuwa na mraba mkubwa mweupe: tangazo la sabuni la zamani, lililopakwa ili abiria wa mabasi wanaoshuka kilimani walisome.

Alirudi anakimbia, kanga imemvuka begani.

"Bi Mwamini, kosa si la nyaya wala friza! Mwizi yuko juu ya vichwa vyetu. Bati la kutu linameza jua, palipo peupe jua linarudishwa lilikotoka. Njoo ushike ukuta wa huku, halafu ushike wa huku."

Bi Mwamini akashika. Akashika tena. "We mtoto," alisema, "mafuta ya nywele ndiyo yamekufundisha haya?"

"Mafuta hayadanganyi, mama. Wateja ndio wanadanganya."

Jumapili iliyofuata ukapigwa msaragambo, kazi ya wote bila malipo. Chokaa ikachanganywa kwenye madumu, watu wakapanda na mifagio, wakapaka kama wanavyopaka ukuta wa nyumba ikikaribia sikukuu. Paa likawa jeupe pe, watu wakashangilia. Siku chache baadaye ikaja mvua ya kwanza. Chokaa yote ikashuka kama maziwa yaliyochemka, ikapita kwenye makorongo ya bati, ikamwagikia baraza ambako fundi cherehani alikuwa ametundika suti nyeusi ya bwana harusi. Yaliyosemwa siku hiyo tuyaache hukohuko.

Ntandu alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, mikono nyuma. Hakuitwa kwenye msaragambo. Walisema kupaka chokaa si kazi ya kuitia fundi.

"Unacheka nini?" Bi Mwamini alimfokea.

"Sicheki, mama. Nasikitika kwa meno."

"Basi kama unajua, panda!"

Ntandu akapanda. Hakupaka. Alianza kukwangua kutu kwa brashi ya waya, bati kwa bati, mpaka vidole vikavimba. Kila msumari uliolegea akaugongea, kila tundu akaliziba. Akapaka rangi ya kuzuia kutu, akasubiri ikauke, mvua ikimkatiza anashuka, ikikata anapanda. Hapo ndipo akatoa rangi nyeupe ya nje, makopo aliyokuwa akiyaweka moja moja kwa ajili ya duka alilolitamani na hana pa kulifungulia. Akapaka mkono wa kwanza, wa pili, na sehemu za maungio wa tatu. Mvua zilipokuja kwa kishindo, maji yalishuka safi mpaka kinamama wakayakinga.

Ndani kukawa na watu waliosahau kuwasha feni. Friza zikaanza kufanya kitu ambacho hazijafanya miaka: zinanguruma, zinanyamaza. Mama Elipendo alikuwa akiweka sikio kwenye friza kama mkunga kwenye tumbo la mja mzito. "Imenyamaza tena! Jamani, imenyamaza!"

Mngedhani hadithi imekwisha. Haijaisha, kwa sababu mmesahau huku ni wapi.

Huku watu wamekulia kwenye tembe, nyumba ya paa la udongo, bapa kama meza. Paa la tembe ni ghala na ni uwanja: unaanika mtama, unaanika karanga, unaanika mlenda. Bati lilikuwa limewanyima hayo, kwa kutu na uchafu. Sasa wanaliona paa, refu, jeupe, safi kama sahani. Mvua zilipokwisha, mama mmoja akapandisha ungo wa mlenda. Wa pili akapandisha turubai zima. Karanga zikafuata. Na aliyepandisha mlenda mwingi kuliko wote, msimtafute mbali, alikuwa Bi Mwamini mwenyewe. Kisha ukaja upepo wa Julai na vumbi lake jekundu, likajaza palipobaki. Friza zikarudi kunguruma, na Mama Elipendo akarudi na uso ule wa Oktoba.

"Dada, Agosti hii inaingia."

"Rangi ya Ntandu imechuja," watu wakasema.

"Rangi yangu haichuji," alisema Ntandu, akasusa, akaenda zake kwenye kazi nyingine.

Sikudhani aliwasikia wote akigeuza kuku jikoni kwake. Akaweka koleo chini, akapanda. Alikuwa mwepesi, na alijua kukanyaga paa. Utoto wake wote ulipita juu ya tembe la bibi yake. Mara watu wakaanza kuona turubai zinashuka kutoka juu, mlenda unapeperuka mpaka barabarani.

"Nani huyo?" Bi Mwamini alitoka na kiatu kimoja. "Sikudhani! Huo mlenda wangu!"

"Najua ni wako. Njoo uuzoe."

"Shuka hapo kabla sijapanda!"

"Panda basi, mama, uone ulivyolivika jengo lako koti juani! Ntandu amelipaka, nyie mmelifunika!"

Bi Mwamini akainama akazoa mlenda wake.

Tangu siku ile, kila alfajiri kabla ya kuwasha mkaa, Sikudhani alikuwa juu na ufagio laini. Maji ya mji ni ya taabu, basi alikusanya yale yanayotiririka friza zikiyeyushwa barafu, pamoja na maji ya mwisho ya suuzo pale saluni, akaosha paa kipande kwa kipande. Walimwita kunguru. Walimwambia mwanamke mzima anatembea juu ya watu. Mara mbili walipandisha karanga kwa siri, mara mbili akaziteremsha mchana kweupe. Upepo ukileta vumbi, yeye analiondoa. Hakuna aliyemtuma.

Agosti ikaisha. Mama Elipendo akaja barazani, safari hii na kuku mzima aliyepikwa. "Hatuhami. Umeme umeshuka, na hata dada yangu wa Manyoni anauliza kama kuna nafasi ya friza zake."

Bi Mwamini akala paja, akanawa, akaenda kuuchukua ufunguo. Alipogeuka, akakuta watu watatu mlangoni pa fremu ya kona.

"Ni wangu," alisema Tausi. "Nisingeona mimi, mngekuwa bado mnabadilisha mipira ya friza. Mikono ya kupaka ipo mingi. Nani aliwaambia mpake nini, na wapi?"

"Uliona, sikatai," alisema Ntandu. "Ukasema weupe, wakapaka weupe, ukaishia kwenye suti ya bwana harusi. Kuona kwako kulikaa juu ya paa mpaka mvua ya kwanza. Na rangi niliyomwaga pale ndiyo duka langu lenyewe."

"Na duka lako lilikuwa chini ya mlenda!" alisema Sikudhani. "Julai paa lenu lilikuwa jekundu kama barabara ya Iramba. Mwenye macho alikuwa anasuka, mwenye mikono amenuna. Kinamama walisema Agosti. Agosti nani alikuwa juu?"

"Wewe unafagia kazi yangu."

"Na wewe ulipaka wazo langu."

"Nyamazeni!" alisema Bi Mwamini. Akajaribu njia ya mkato. "Gaweni. Kaeni wote."

"Nywele za mabibi harusi na moshi wa kuku?" Tausi aliuliza.

"Mkaa karibu na makopo ya rangi na tina, yashike moto?" Ntandu aliuliza.

Sikudhani hakuuliza. Alisema tu, "Mama, ulisema atapewa mtu. Hukusema watu."

Hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Bi Mwamini hakuwahi kutoa neno na kisha kulikata vipande. Akawatazama. Tausi amekonda kwa joto la korido. Ntandu vidole vyake havijanyooka vizuri mpaka leo. Sikudhani, anayefukuzwa na mgambo barazani kila juma, ameshika ufagio wake kama fimbo. Nyuma yao wapangaji wote wamejaa, walewale waliomsikia Oktoba.

Akaingiza ufunguo kwenye kitasa cha fremu ya kona. Akauzungusha, mlango ukafunguka kwa kilio, vumbi la miaka likatoka. Halafu akauchomoa ufunguo, akaushika mbele yake.

"Nitampa mmoja," alisema. "Leo hii, na sitarudia. Mmoja tu."

Watatu wakanyoosha mikono.

Haya, uliyekuwa na hamu ya kubisha, fungua mdomo sasa. Aliyeona, aliyepaka na aliyelinda: yupi alilipoza jengo la Bi Mwamini? Ufunguo ungekuwa mkononi mwako, ungeuweka katika kiganja cha nani, na wale wawili ungewaambia nini usoni?