Simu Chini ya Tenga

Jumanne, saa nne na robo asubuhi, simu ya mama mmoja iliandika kwa herufi nyekundu kwamba ina virusi vinne.

Alikuwa jikoni, anatafuta kwenye simu picha ya kofia ya mtoto mchanga ili aifume. Binti yake Atupele, aliyeolewa kijiji cha ng'ambo ya mto, alikuwa na mimba ya kwanza na siku zake zilikuwa zimekaribia. Kwao mimba ya kwanza ni kazi ya mama mzazi. Uchungu ukianza binti hupiga simu, mama huenda kumchukua, wakaongozana zahanati. Mama alikwisha kumpa agizo: "Usitoke na mtu mwingine. Unisubiri mimi."

Maandishi yale yalisema: "Simu yako inaumwa. Virusi vitaenea kwa namba zako zote ndani ya dakika mbili. Bonyeza hapa kusafisha." Pembeni sekunde zilikuwa zinapungua. Akabonyeza. Simu ikatetemeka, virusi vikawa saba. Akabonyeza tena, vikawa kumi na moja.

Sasa nisikilizeni. Mwaka uliotangulia mama huyu alipoteza kuku ishirini na sita kwa ugonjwa wa kideri, kwa sababu alichelewa kumtenga mmoja. Hakutaka kurudia kosa lile. Akaizima simu, akaifunga kwenye mfuko wa nailoni, akaenda kuiweka nyuma ya nyumba chini ya tenga, lile lile la kutengea kuku mgonjwa. Juu yake akaweka jiwe. Kisha akanawa mikono kwa sabuni.

Jumatano jirani yake alipita uani.

"Mama Atu, umemfungia nani humo? Mbona hawiki?"

"Ni simu. Inaumwa."

Jirani alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Haya, na pumba umeiwekea?"

"Wewe cheka tu. Jumamosi kwenye gulio naipeleka kwa fundi."

"Na Atu je? Chukua yangu umpigie."

"Sogeza hiyo huko. Wamesema vinafuata namba zangu zote. Nimpelekee mwanangu ugonjwa, na hali aliyo nayo?"

"Wamesema akina nani?"

"Imeandikwa."

Jirani akairudisha simu yake kwenye pindo la khanga. Hakubishana. Alikuwa na mboga jikoni.

Imeandikwa na nani, ndugu zangu? Mama hakujua. Hata kuuliza hakuuliza.

Alhamisi, saa mbili asubuhi, uchungu ulimwanza Atupele. Akapiga simu kwa mama yake. Haipatikani. Mama mkwe wake akamwambia, "Mwanangu, twende zahanati, mama yako atatukuta huko huko."

"Amesema nimsubiri, mama. Simu yake itawaka sasa hivi."

Saa nne mkwe akarudia maneno yale yale, akapewa jibu lile lile. Saa sita vilevile. Saa saba na nusu damu ilianza kutoka, na hapo mkwe hakuuliza tena. Aliita majirani, wakatafuta gari, wakampakia. Mtoto alizaliwa njiani, mzima. Atupele hakufika zahanati.

Saa kumi mwenye pikipiki, aliyetumwa na mama mkwe wa Atupele, alifika kwa yule mama. Alimkuta amekaa mlangoni anamalizia kofia.

"Mama, tumekupigia tangu asubuhi."

"Nimeizima," akasema. "Nimeizima nisimwambukize." Kisha akamtazama yule mtu usoni, na hakuhitaji kuambiwa zaidi.

Je, mama huyu alikuwa mjinga? Msiseme hivyo. Alijua kutenga ugonjwa kuliko wengi wetu tuliomo humu. Je, hakumpenda mwanawe? Alimpenda, na upendo huo ndio uliomfanya aweke jiwe juu ya tenga. Basi kosa lake lilikuwa wapi? Alipokea habari ya ugonjwa kutoka kwa mtu asiye na jina wala sura, na mtu huyo huyo, kwa pumzi ile ile, ndiye aliyekuwa na dawa. Akamwamini. Mwanawe, mwenye jina alilompa yeye mwenyewe, akamfungia mlango.

Mnanitazama kana kwamba nasema habari za simu. Ni nani kati yetu hajaambiwa kwamba nyumba yake ina nuksi, na aliyemwambia akawa na maji ya kuiondoa mfukoni? Ni nani hajasoma ujumbe uliotumwa na asiyemjua, kisha akaacha kumsalimu shemeji yake? Humu ndani mna mtu ambaye hajaongea na dada yake kwa miaka sita kwa sababu ya maneno ya mpita njia. Anasema anawalinda watoto wake. Mwulize aliyesema ni nani. Atakujibu, "Wamesema."

Na wewe jirani, uliyejua kwamba jambo lile si kweli, ukacheka, ukarudi kwenye mboga zako? Ulikuwa na simu nzima mkononi. Namba ya Atupele ulikuwa nayo. Ulishindwa nini kumpigia wewe?

Sisi tukitishwa, kwanza tumuulize anayetutisha jina lake. Kabla hatujaweka jiwe juu ya tenga, tutazame tumemfungia nani.

Atupele alizikwa Ijumaa. Jumamosi jirani aliichukua ile simu na kuipeleka kwa fundi gulioni. Fundi aliiwasha na kuikagua kwa dakika kumi. Hakukuta kirusi hata kimoja. Alikuta taarifa ya mtandao kwamba namba ya Atupele ilipiga mara kumi na tisa, ya mwisho Alhamisi, saa saba na dakika ishirini.