Nyasi za Bwana Afya Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo ukungu ulilala bondeni mpaka jua likachoka kuusubiri, alikuwapo Sange. Mnamjua Sange? Ni mnyama mdogo kama kiganja cha baba, pua yake ndefu kama mrija, miguu yake myembamba kama njiti za kiberiti. Kila alfajiri alifagia njia zake, fya, fya, fya, akiondoa jani moja moja. Sange akikwaa jani, mwewe humdaka. Kwa hiyo hapakuwa na mnyama aliyezijua njia za kijiji kumshinda.

Mwaka huo kikohozi kiliingia kijijini. Koho! Koho! kwa Mama Swala. Koho! Koho! kwa Pundamilia. Wanyama wakaanza kusalimiana kwa mbali, kila mtu na mlango wake.

Hata hivyo wema haukufungiwa ndani. Fisi, yule yule mnayemsikia kwa ulafi, kila asubuhi alibeba chungu cha uji mpaka kwa Mama Swala, akakitua mbali na mlango, akaita, "Mama Swala ee! Uji huo! Usifungue mpaka niondoke!" Na chungu kilikuwa kimejaa mpaka ukingoni. Sange alikichungulia akapita, akatabasamu.

Bwana afya wa kijiji alikuwa Kiboko. Alisimama mbele ya uwanja wa watoto, akapuliza pua, puuu!

"Uwanja huu una ugonjwa! Nyasi zenyewe zina kikohozi! Mtoto akizikanyaga, basi!"

Tembo, mwenyekiti, aliwahi kumzika mjukuu kwa kikohozi. Hakuuliza swali. Aliburuta miti ya miba, akaziba lango.

Watoto wakakaa. Wakakaa, wakakaa, mpaka wakafifia kama nguo iliyoanikwa siku nyingi. Lakini mchana walipolala, miguu yao haikulala. Semeni, binti wa Sange, alilala ubavu kwenye mkeka, na miguu yake ikaenda tuku-tuku-tuku.

Sange akamwinamia. "Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Uwanjani, mama," Semeni akajibu usingizini. "Nyasi ni laini. Upepo unanisukuma."

Alipoamka alitazama mkeka, akatazama mlango. "Mama, kesho nakwenda kucheza pangoni."

"Pango gani?"

"Pango la Popo. Wenzangu wameanza kucheza huko kwa siri. Ni padogo, wanabanana kama dagaa, lakini wanacheka! Mtoto wa Swala alikuwa anacheza huko huko, kabla hajaanza kukohoa."

Moyo wa Sange ukasema paa! Pango lisilo na dirisha, pumzi ya huyu inaingia kwa yule! Kumbe watoto wamefukuzwa kwenye upepo, wakakimbilia kwenye kikohozi chenyewe.

"Semeni, nipe kesho moja tu. Usiende pangoni."

"Moja tu, mama?"

"Moja tu."

Alfajiri Sange alifagia mbali kuliko siku zote, fya, fya, mpaka kwenye lango la miba. Ukungu ulikuwa mzito, dunia yote nyeupe kama imo ndani ya maziwa. Akapenya chini ya miba. Nyasi zilikuwa na umande, zikimeta. Na katikati ya umande, njia!

Sange akaishusha pua yake. Njia ya Nyati hutawanyika. Njia ya Tembo ni pana na bapa. Hii ilikuwa na mifereji miwili iliyokwenda sambamba, na tuta katikati. Kila mfagia njia anajua: mwenye miguu mifupi na tumbo pana ndiye hupita hivyo. Pembeni mwa njia nyasi zilikuwa zimekatwa usawa mmoja, kama zimenyolewa.

Sange akaifuata njia, taratibu, kama anayetembea ndotoni. Ikatoka kwenye pengo upande wa pili, ikateremka, ikafika bwawani. Hapo Kiboko alikuwa akikoroma, na unyasi mmoja umening'inia mdomoni, unapanda na kushuka, unapanda na kushuka.

"Aa," Sange akanong'ona. "Kumbe!"

Jua lilipopanda, akaomba baraza kando ya bwawa. Wanyama wakaja, wakasimama mbali mbali. Kiboko akatoa kichwa majini.

"Shikamoo, bwana afya," akasema Sange.

"Marahaba. Sema upesi, we kijipua."

"Nimekuja kukuunga mkono. Nyasi za uwanjani zina kikohozi, sivyo?"

"Tena kikali!"

"Basi miba haitoshi. Aliyekanyaga nyasi zile, tangu siku ulipotangaza, atengwe."

"Hayo ndiyo maneno!" Kiboko akafurahi. "Mwenyekiti, umesikia? Atengwe siku arobaini!"

"Atengewe wapi, bwana afya? Karibu na bwawa?"

"Bwawa! Unataka kutuua? Atengewe kwenye majabali makavu, huko juani! Asiguse maji hata tone!"

"Na akiwa mkubwa mwenye cheo?"

"Hata akiwa nani!"

Tembo akatikisa masikio. "Imepita. Wote wanakubali?"

"Tunakubali!" baraza likaitika.

"Basi, mwenyekiti," Sange akasema kwa sauti ndogo, "nina njia moja ningependa uione kabla umande haujakauka."

Tembo akaenda. Akatazama mifereji miwili. Akatazama tuta la katikati. Akaifuata mpaka ikamrudisha bwawani, mpaka puani pa Kiboko.

"Bwana afya," Tembo akasema, "majabali yanakusubiri."

"Juani? Mimi? Ngozi yangu itapasuka!" Kiboko akatapatapa, chubwi, chubwi. "Mwenyekiti, ngoja! Nyasi hazina kitu! Nimezila siku kumi na nane. Nitazameni nilivyonenepa. Je, nimekohoa? Nimepiga hata chafya?"

"Sema tena, bwana afya," Sange akamwambia. "Fisi amesimama mbali, hajasikia."

"Hazina kitu!" Kiboko akapiga kelele. "Nilisema uongo! Zilikuwa tamu, ndiyo maana!"

Wanyama wakacheka mpaka wakashika mbavu. Tembo hakucheka.

"Sange, uwanja ni safi, nimeona. Lakini kikohozi kipo. Mimi nilimzika mjukuu."

Sange akaacha ujanja wote. "Kipo, mwenyekiti. Sitakwambia hakipo. Ndiyo maana sitaki watoto waendelee kubanana kwenye Pango la Popo, kusiko na upepo. Nipe uwanja asubuhi, nitawafagilia njia."

Tembo akamtazama yule mama mdogo, macho yake yakalegea. "Fagia," akasema.

Sange akafagia njia nyembamba uwanjani, kila mtoto na yake, na kati ya njia na njia urefu wa mkonga wa Tembo mara mbili. Langoni Tembo mwenyewe akatundika kibuyu chirizi: ukikanyaga kamba, maji yanachirizika, unanawa. Asubuhi mwenye kikohozi abaki kwao, na nusu ya uwanja wakaachiwa wagonjwa waote jua alasiri, watoto wakishaondoka.

Asubuhi ya kwanza watoto walikimbia ndani ya ukungu. Zilionekana pua tu, kisha masikio, kisha kicheko. Walipofika upande wa nyumba ya Mama Swala, bila kuambiwa na mtu, wakapunguza mwendo, ili yule mdogo aliyekohoa dirishani awaone vizuri. Naye akapunga mkono. Sange akageuza uso, akajifuta macho kwa ncha ya pua.

Na Kiboko? Majabali alisamehewa, cheo alivuliwa. Tembo alimpa kazi: apunguze nyasi za uwanja, kila siku, zisiwakwaze watoto.

"Zote?" Kiboko akalia siku ya tatu, tumbo limemjaa.

"Zote, babu!" watoto wakajibu kutoka kwenye njia zao. "Si ulisema ni tamu?"

Akala, akala, puuu! akala tena.

Wanangu, anayelinda afya kwa uongo huwafungia watoto mlango, na ugonjwa akaufungulia dirisha.