Miche Kumi na Minane

Kipupwe cha mwaka ule kilikuja na meno. Asubuhi maji ya ndoo iliyolala nje yalikuwa yameota ngozi nyembamba ya barafu, na watu walipita barabarani wamekunja mabega kama kuku walionyeshewa. Katika ua wa nyuma wa nyumba moja ya pembeni mwa mtaa, mwanamke mwenye umri wa miaka hamsini na minane alikuwa amepiga magoti, anang'oa mabua ya nyanya yaliyokufa. Yalikuwa meusi, yamenyauka, yananuka uvundo. Aliyahesabu kila alipoyaweka kando, kwa kuwa hakujua kukaa na kitu bila kukihesabu au kukipima. Yalitimia sitini.

Majirani walimwita Mama Pima. Alikuwa fundi cherehani tangu usichana wake, na utepe wa kupimia haukutoka shingoni mwake hata alipokwenda sokoni. Lakini sasa macho yalikuwa yamemsaliti. Tundu la sindano alilitafuta kwa kubahatisha, na mwezi uliopita alikuwa amemshonea mteja suruali ambayo mguu mmoja ulikuwa nje ndani. Mteja alicheka, yeye hakucheka. Alijua kwamba siku si nyingi cherehani ingefunikwa moja kwa moja, naye angebaki kukaa sebuleni akisubiri kuitwa chakula katika nyumba alimozaliwa. Jambo hilo alilichukia kuliko ugonjwa. Ndiyo maana aliutaka ua ule. Mikono yake ilikuwa bado na nguvu, na udongo hauna tundu la sindano.

Taabu ni kwamba ua ulikuwa urithi wa watu wawili. Kaka yake mkubwa, fundi magari aliyeishi humo humo na mkewe, naye alikuwa na haja yake, tena haikuwa haja ya uongo. Magari ya wateja wake yalilala barabarani, na mawili yalikwisha kung'olewa vioo vya pembeni. Alitaka kumwaga zege uani ayaingize ndani. Msimu uliopita alikuwa amemwachia dada yake ajaribu bustani, na matokeo yake ndiyo yale mabua.

"Dada, umejaribu, nimeona," alisema asubuhi ile, amesimama mlangoni na kikombe cha chai. "Basi tena. Kilimo kina wenyewe."

"Zege utamwaga lini?"

"Baridi ikiisha. Sasa hivi halitashika vizuri."

"Basi ua huu kwa sasa haukufai kitu. Niachie msimu mmoja tena, kaka. Nikianza kuvuna, hesabu siku arobaini. Siku hizo zote nyumba hii isinunue nyanya hata moja. Ikinunua moja tu, mwaga zege lako, na mimi mwenyewe nitakushikia ndoo."

Wifi yake, aliyekuwa jikoni, alichungulia dirishani. "Wifi, fikiria vizuri. Mimi nyanya natia kwenye kila kitu. Hata nikikasirika natia. Na huyu kaka yako anakula kama ana wenzake tumboni."

"Tia tu," alijibu Mama Pima. "Na yeye ale."

Kaka mtu aliguna, akanywa chai yake, akakubali. Alikubali kwa sababu hakuona hatari yoyote ya kushindwa.

Sasa, nguo ikikataa kumkaa mtu, fundi mvivu huitupa. Fundi anayejua kazi huifumua, mshono mmoja mmoja, mpaka aone ilipopotoka. Mama Pima aliyachukua mabua matatu akayalaza juu ya meza ya kukatia, akavaa miwani, akaanza kuyafumua. Kosa moja alilipata pale pale: uzi wa nailoni aliofungia miche ulikuwa umezama ndani ya mashina kama wembe. Alifungua daftari la vipimo vya wateja, akaandika, "Kosa la kwanza, uzi." Mengine hayakusomeka. Majani yalikuwa na madoa meusi, na nyanya chache zilizobaki zilikuwa zimeoza kitakoni, lakini kwa nini, hakujua. Ilimpasa kuuliza.

Kuuliza kulimaanisha kwenda kwa mwuza mboga wa sokoni, mwanamke mnene mcheshi aliyejilimia mwenyewe alichokiuza. Na msimu uliopita Mama Pima alikuwa amemtambia mbele ya watu kwamba karibuni atamkosa kama mteja. Njiani alisimama mara mbili, nusura arudi. Alipiga moyo konde, akafika.

"Mteja niliyekukosa, karibu!" mwuza mboga alimpokea.

"Nistahi, mwenzangu. Nyanya zangu zimekufa zote. Nimekuja kuuliza."

"Uliza. Kuuliza hakupimwi kwa kilo. Mche na mche ulipanda umbali gani?"

"Shibiri moja."

Mwuza mboga alicheka mpaka akashikilia mizani. "Shibiri! Kwa nini, mama?"

"Ili nisipoteze nafasi. Kitambaa unakibana, vipande vinakaa karibu karibu, hutupi kitu."

"Ahaa! Kumbe ulikuwa unakata gauni. Sikiliza. Nyanya inapumua. Ukiibana, majani hayakauki, na ukungu unatoka kwa huyu unakwenda kwa yule kama umbeya. Kila mche upe hatua nzima. Na maji ulimwagia wapi?"

"Juu, kama mvua. Nikikumbuka."

"Ukikumbuka! Ndiyo maana zikawa na makalio meusi. Nyanya inataka maji kidogo kidogo, kila mara, chini kwenye shina. Halafu mwaka huu usizirudishe pale pale. Ugonjwa umebaki kwenye udongo, unakungoja."

Mama Pima alirudi nyumbani. Kilichomchoma si kicheko. Kilichomchoma ni kwamba miche ile haikuuawa na uzembe wake peke yake. Iliuawa zaidi na ufundi wake, ule ule wa kubana kitambaa ambao watu walimsifia tangu usichana. Ni vigumu mtu kuliacha kosa lililowahi kumlisha.

Hata hivyo hakukunja mikono. Alitandaza karatasi ya kaki anayochorea ruwaza za nguo, akauchora ua mzima kwa kipimo. Siku yenye jua alitoka kila baada ya saa moja, chaki ya kukatia mkononi na blanketi mabegani, akachora chini mahali kivuli cha ukuta kilipofika. Wakati wa kipupwe jua hupita chini na vivuli hurefuka, kwa hiyo palipopata mwanga sasa hapangekosa mwanga joto likirudi. Upande wa kivuli aliugawia spinachi na vitunguu. Pale miche ilipofia aliandika maharage. Kisha akakata duara za karatasi, kila moja ikiwa badala ya hatua nzima ya nyanya moja, akaanza kuzipanga kwenye sehemu ya jua.

Ziliingia kumi na nane.

Alizipanga upya, akazigeuza, zikaingia kumi na nane. Aliona kwamba akizipandanisha kingo kidogo tu, tatu zaidi zingepata nafasi. Vidole vyake vilizisogeza vyenyewe. Nafasi yote ile tupu ilimuuma rohoni, kwani maisha yake yote alikuwa ameichukia nafasi tupu. Alizitazama zile duara tatu kwa muda mrefu, halafu akazichana.

"Miche sitini imekushinda," kaka mtu alimwambia alipoona ramani ile, "kumi na minane ndiyo itatulisha?"

"Wewe lete tumbo tu."

Lakini haraka ni ugonjwa mwingine, nao ulimpata. Baridi ikiwa bado kali alisia mbegu katika makopo, akayapanga dirishani karibu na cherehani. Ziliota upesi, akafurahi kama mtoto. Miche ikarefuka, ikapauka, ikaufuata mwanga hafifu wa dirisha, na asubuhi moja wifi yake akamwita.

"Wifi, njoo. Imelala."

"Imelala au imekufa?"

"Sijui, sijaipigia kelele."

Ilikuwa imekufa. Kaka mtu alipita, akatazama makopo, akauliza kwa upole ambao ulimuudhi dada yake kuliko kejeli, "Nimwite mtu wa zege?"

"Mbegu bado ninazo," Mama Pima alisema. Alifungua daftari. Uzi, nafasi, maji na mahali vilikuwa vimekwisha kuandikwa. Chini yake akaongeza, "Kosa la tano, haraka." Akajizuia wiki tatu nzima, na kila siku ya wiki hizo ilimwia ndefu. Aliposia tena, aliyageuza makopo kila asubuhi ili miche isiegemee upande mmoja, na baridi ilipolegea akaizoesha nje, saa moja, kisha saa mbili, kisha kutwa. Ilitoka mifupi, minene, yenye rangi ya kijani kibichi.

Siku ya kuipandikiza, alipima hatua kwa utepe wake, mche hadi mche. Ua ulionekana kipara. Jirani mmoja alichungulia akauliza kama mingine imeshakufa. Mama Pima aliendelea na kazi. Alifunga kila mche kwenye kijiti kwa ukanda wa kitambaa laini, akawa anamwagilia shinani kila asubuhi kabla hajanywa chai. Miche ikapanda, ikafika kiunoni, ikafika begani, na upepo ukawa unapita katikati yake bila kugusa kitu. Nyanya za kwanza zilipoiva, wifi alichora mstari wa kwanza ukutani jikoni. Siku arobaini zilikuwa zimeanza.

Siku ya ishirini na tano mvua ilianza, ikanyesha siku tatu mfululizo. Ilipokatika, Mama Pima aliona madoa meusi kwenye majani ya mche mmoja, nao ulikuwa ndio uliozaa kuliko yote. Aliyajua madoa yale. Aliinama, akaushika shinani kwa mikono miwili.

"Unafanya nini?" kaka mtu alipaza sauti kutoka mlangoni. "Unang'oa mche wenye matunda? Zimebaki siku kumi na mbili!"

"Naung'oa huu nibaki na kumi na saba. Nikiuonea huruma nitabaki na sifuri."

Aliung'oa. Nyanya mbichi zilidondoka miguuni pake, na machozi yalimlengalenga, lakini aliubeba mche mbali na kuuchoma siku ile ile. Wiki iliyofuata ilikuwa ya dhiki. Mawingu yalikataa kuondoka na matunda yakakataa kuiva. Siku ya thelathini na tatu kikapu kilikuwa na nyanya tatu tu.

"Chakula kimepauka leo," kaka mtu alinung'unika mezani.

"Kula," mkewe alimjibu. "Rangi hailiwi."

Hakuna aliyetamka neno soko. Mama Pima alikula akiwa ameinamisha uso. Kisha jua likatoka. Miche kumi na saba, ambayo haikuambukizwa hata mmoja, ikaiva kwa pamoja kana kwamba ilikuwa imepatana. Siku ya arobaini wifi alichora mstari wa mwisho ukutani, na juu ya meza kulikuwa na kikapu kilichojaa na beseni la ziada.

Jioni ile kaka mtu aliingia uani, akapita katikati ya miche polepole asiiguse. Dada yake alikuwa anapalilia vitunguu.

"Nimezungumza na mwenye karakana ya useremala," alisema. "Ana uwanja wenye geti, magari yatalala kwake. Ua ni wako, dada." Akachutama karibu naye. "Ila niambie kweli. Nani kakufundisha? Yule mwuza mboga?"

Mama Pima alijinyoosha mgongo, akafuta udongo mikononi.

"Yule kanisaidia kusoma tu," alisema. "Walimu wangu ni ile miche sitini iliyokufa."

Kaka mtu alicheka, akaanza kupalilia naye, kwa maana sasa alikuwa ameona kwamba kupotea njia ndiko kujua njia.